Nyuma ya Paji la Uso: Historia ya Sonona na Ubongo Unaojijenga Upya

Mwaka 1951 jarida la madaktari wa magonjwa ya akili nchini Uingereza lilichapisha makala ya J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950. Makala hiyo ilihusu sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Carothers alidai kwamba Mwafrika, akiwa mzima na mwenye afya yake, anafanana kwa mwenendo na Mzungu ambaye wapasuaji wamemkata nyuzi zinazoiunganisha sehemu hiyo na ubongo uliobaki. Miaka minne kabla yake, 1947, alikuwa ametoa dai lililokwenda sambamba na hilo: kwamba sonona ni nadra mno miongoni mwa Waafrika wa Kenya. Aliyeamini dai moja hakuona ajabu kuliamini la pili. Mtu asiyeitumia sehemu ya ubongo inayopanga kesho, inayojihoji na kujilaumu, angeupata wapi mzigo wa kumwelemea?

Madai yote mawili hayakuwa kweli. Ukweli ulipatikana polepole, kwa njia ndefu iliyopita Madrid, Lisbon, nchi ya Waashanti, New York na vijiji vya Uganda, na ulipofika ulikuwa umeangusha dai la tatu pia, lililokuwa kongwe kuliko hayo: kwamba ubongo wa mtu mzima ukishaumbika haubadiliki tena. Historia hii inatuhusu. Wengi wetu tunaishi na mgonjwa wa sonona nyumbani, au tumewahi kuwa yeye, na bado tunasikia ikisemwa kwamba ugonjwa huu ni uvivu, ni upungufu wa imani, au ni anasa ya Wazungu.

Hukumu kutoka Madrid

Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi alivumbua njia ya kutia ubongo rangi kwa chumvi ya fedha. Kipande cha ubongo hugandishwa kwa kemikali, kisha hulowekwa katika nitreti ya fedha. Katika maelfu ya seli za neva zilizomo, chache tu hushika rangi, lakini hizo chache huwa nyeusi tititi kuanzia mwilini hadi ncha ya mwisho ya tawi, huku jirani zake zikibaki hazionekani katika mandhari ya manjano. Bila njia hiyo ubongo chini ya hadubini ni kichaka kisichopenyeka. Kwa njia hiyo, mtu anaweza kuitazama seli moja pekee na kuhesabu matawi yake.

Aliyeitumia njia ya Golgi kuliko mtu yeyote ni Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1888 aliona kwamba matawi ya seli za neva yana vinundu vidogo vidogo. Wenzake walidhani ni uchafu wa kemikali. Cajal alishikilia kwamba ni sehemu ya seli yenyewe, na wakati ulimpa haki: vinundu hivyo ndipo seli moja hupokea ujumbe wa nyingine, mahali panapoitwa sinapsi. Mwaka 1906 yeye na Golgi walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja.

Lakini Cajal huyohuyo, katika kitabu chake kikubwa cha 1913 na 1914 kuhusu kuharibika na kuota upya kwa neva, alitoa hukumu iliyotawala elimu ya ubongo kwa nusu karne. Alisema kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kuwekwa. Kila kitu chaweza kufa humo, hakuna kiwezacho kuota tena. Mwenyewe aliiita hukumu kali, akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibatilisha ikiweza. Wanafunzi wa vyuo walikariri hukumu, wakasahau ule mlango alioacha wazi.

Kisu mjini Lisbon

Tarehe 12 Novemba 1935, katika hospitali ya Santa Marta mjini Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alimwelekeza mpasuaji Almeida Lima atoboe fuvu la mgonjwa wa akili na kuingiza alkoholi kali katika nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kuziua. Baadaye walitumia chombo cha kukatia. Moniz alikuwa na sababu yake: aliamini kwamba mawazo ya huzuni na woga ya wagonjwa hao yamekwama katika miunganiko ya seli iliyoganda, na kwa kuwa haiwezi kulegea yenyewe, dawa ni kuikata. Upasuaji wake ulijengwa juu ya hukumu ya ubongo usiobadilika.

Septemba 1936 madaktari Walter Freeman na James Watts waliuingiza upasuaji huo Marekani. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mama wa miaka 63 kutoka Kansas, aliyekuwa na sonona iliyomnyima utulivu na usingizi. Baada yake walifuata makumi ya maelfu ya Wamarekani. Wengi walitulia kweli. Ila ndugu zao walieleza jambo lilelile: amekuwa mtulivu, lakini hana hamu, hapangi lolote, hajali kama nyumba inaungua. Ilikuwa imeshajulikana tangu 1848, pale chuma cha kushindilia baruti chenye urefu wa zaidi ya mita moja kilipopenya fuvu la msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Phineas Gage, kwamba mtu anaweza kuishi akiwa na jeraha katika sehemu hiyo ya ubongo na asiwe tena yule waliyemjua rafiki zake. Hata hivyo mwaka 1949 Moniz alipewa Tuzo ya Nobel.

Mgonjwa aliyekatwa hivyo ndiye Mzungu ambaye Carothers alimweka kwenye mizani na Mwafrika mzima wa afya.

Waliohesabiwa Mathari na wasiohesabiwa

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Kufikia miaka ya 1930 Nairobi ilikuwa na kundi la madaktari waliotaka kuthibitisha kwa vipimo kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Mwaka 1934 mmoja wao, F. W. Vint, alitangaza kwamba amepima bongo za maiti 100 za wanaume wa Kenya na kukuta gamba la ubongo wao ni jembamba kuliko la Wazungu kwa karibu asilimia 15. Hakuwa na kundi la Wazungu alilolipima yeye mwenyewe kwa njia ileile. Alilinganisha na takwimu za vitabuni. Wala hakuuliza maiti hao walikufa kwa njaa, kwa maradhi gani, au waliishi maisha ya namna gani. Carothers alirithi mazingira hayo ya fikra, akayapa lugha ya kisasa zaidi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kijitabu chake kuhusu Mau Mau, ambamo vita vya kudai ardhi na uhuru vilielezwa kama tatizo la akili.

Kosa la hesabu yake lilikuwa mlangoni mwa hospitali. Carothers alihesabu waliolazwa. Lakini nani aliyefikishwa Mathari siku zile? Ni yule aliyevua nguo sokoni, aliyechoma banda, aliyempiga jirani, akakamatwa na polisi na kupelekwa mbele ya hakimu. Mama aliyeacha kula, asiyelala, anayekaa gizani akisema yeye ni mzigo kwa wanawe, hakumsumbua mkuu wa wilaya. Alibaki nyumbani kwake, na katika vitabu vya hospitali akawa hayupo.

Aliyekwenda kumtafuta mama huyo alikuwa Margaret Field, Mwingereza aliyekuwa mwanaanthropolojia nchini Ghana kabla ya kusomea udaktari. Alikaa vijijini katika nchi ya Waashanti, kwenye maeneo ya ibada ambako watu walipeleka shida zao. Humo aliwakuta wanawake waliojishitaki wenyewe kwa uchawi. Walisema wameua watoto wao, wameharibu mazao, hawastahili kuishi. Field aliwasikiliza mmoja mmoja, akawapima kama daktari, na katika kitabu chake cha 1960 akaandika kwamba aliyoyaona ni sonona, tena ya kawaida sana. Mwaka 1961 Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers kwa jina na kuonyesha jinsi madai yake yalivyoitumikia dola ya kikoloni. Mwaka 1963 Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria na Alexander Leighton wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wao miongoni mwa Wayoruba: dalili za sonona zilijaa tele.

Ukanda wetu ulipata ushahidi wake Uganda. John Orley, daktari aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Waganda, alikwenda katika vijiji viwili na kuwahoji watu majumbani mwao kwa maswali yaleyale yaliyotumika Camberwell, mtaa wa London. Matokeo aliyoyachapisha pamoja na John Wing mwaka 1979 yalipindua kabisa hadithi ya Mathari: sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vile vya Uganda kuliko Camberwell.

Wagonjwa waliocheza ngoma na wiki zisizoelezeka

Wakati madai hayo yakianguka, maabara nazo zilikuwa zimepata mwanga usiotarajiwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, wagonjwa mahututi wa kifua kikuu walipewa dawa mpya, ipronaizidi. Watu waliokuwa wakisubiri kufa walianza kula, kucheka, hata kucheza dansi wodini. Picha zao zilitoka magazetini. Mwaka 1957 Nathan Kline aliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa wa sonona na akaona wanapata nafuu. Wakati huohuo, katika hospitali ya kijijini Münsterlingen, Uswisi, Roland Kuhn alikuwa akiwapa wagonjwa wake imipramini, dawa iliyokusudiwa maradhi mengine. Mgonjwa wa sonona aliyeanza kuitumia mapema mwaka 1956 alibadilika katika siku chache tu. Kuhn alipoyaeleza hayo mjini Zürich mwaka 1957, waliokaa kumsikiliza hawakuzidi sana kumi.

Ikagundulika kwamba dawa hizi huongeza kemikali za ujumbe katika sinapsi, hasa noradrenalini na serotonini. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliandika nadharia iliyokuja kutawala vitabu na matangazo ya dawa: sonona ni upungufu wa kemikali hizo, hasa noradrenalini. Nadharia hiyo ilisaidia sana kuondoa aibu. Mgonjwa aliweza kuambiwa kwamba ana ugonjwa kama mwenye kisukari alivyo na ugonjwa.

Ila ilikuwa na tundu ambalo kila daktari aliliona. Dawa huongeza kemikali hizo katika saa chache, na bado wagonjwa wengi husubiri wiki mbili, tatu, hata sita ndipo moyo uanze kunyanyuka. Kama tatizo ni upungufu na upungufu umejazwa leo, mgonjwa anasubiri nini? Kitu fulani kilikuwa kinajengwa humo ndani, na ujenzi huchukua muda.

Siku 21 za panya

Jibu lilianza kuonekana New York, katika maabara ya Bruce McEwen, Chuo Kikuu cha Rockefeller. Mwaka 1968 McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni ya msongo, inayotoka katika tezi zilizo juu ya figo, huingia ubongoni na kushikwa na seli za hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Homoni iliyodhaniwa ni ya mwili tu ilikuwa na makazi ubongoni. Swali lililofuata lilikuwa: ikikaa humo muda mrefu, inafanya nini?

Mwaka 1992 maabara hiyo ilitoa jibu. Panya walibanwa kwa saa kadhaa kila siku, kwa siku 21, bila kuumizwa, ila bila uwezo wa kujitoa. Kisha vipande vya ubongo wao vilitiwa rangi kwa njia ya Golgi, ileile ya 1873, na watafiti wakakaa kwenye hadubini wakichora kila seli, tawi kwa tawi, na kupima urefu wa kila moja. Matawi ya seli za hipokampasi yalikuwa yamesinyaa.

Mwaka 2004 Susan Cook na Cara Wellman wa Chuo Kikuu cha Indiana walipeleka kipimo hicho katika sehemu ya mbele ya ubongo. Baada ya wiki tatu za kubanwa, matawi ya juu ya seli za sehemu hiyo yalikuwa yamepungua urefu kwa karibu asilimia 20. Watafiti walioshirikiana na McEwen, wakiongozwa na Jason Radley, walipata matokeo ya aina hiyohiyo mwaka huo, na baadaye wakaonyesha kwamba vinundu vya Cajal navyo hupotea kwenye matawi yanayobaki. Huko Bangalore, India, kundi la Sumantra Chattarji lilikuwa limeshaonyesha mwaka 2002 upande wa pili wa habari: katika amigdala, kiini cha hofu, msongo huohuo unayarefusha matawi. Seli zenyewe hazikuwa zimekufa. Zilikuwa kama mwembe wakati wa kiangazi kikali: mizizi ipo, shina lipo, lakini majani yamepukutika.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima kujua sehemu hiyo ya mbele inafanya kazi gani. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander walirekodi seli zake kwa nyani aliyeonyeshwa mahali chakula kilipofichwa, kisha akazibiwa asione, halafu akaachwa achague. Katika zile sekunde za kusubiri, macho yakiwa hayaoni kitu, seli fulani ziliendelea kutoa ishara, zikilishikilia jambo ambalo halipo tena mbele ya macho. Patricia Goldman-Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale alitumia maisha yake kuonyesha kwamba uwezo huo hutokana na seli za sehemu hiyo kuchocheana zenyewe kwa zenyewe kupitia sinapsi za matawi yao. Hapo ndipo binadamu anaposhikilia lengo, anapoipima hofu inayotoka kwenye amigdala na kuituliza, anapogeuza mawazo kutoka jambo moja kwenda jingine, na anapoiona kesho ambayo haijafika. Matawi yakipukutika, uwezo huo hupungua, huku hofu ikiwa imeongezewa matawi.

Hapa dalili za sonona zinaanza kueleweka moja baada ya nyingine. Mgonjwa anashindwa kuamua avae nini. Anasoma ukurasa mmoja mara nne. Wazo moja baya linazunguka kichwani usiku kucha na hawezi kuligeuza. Ukimwambia mambo yatakuwa sawa, hakatai kwa ukaidi. Kesho hiyo unayomwonyesha haionekani kwake.

Wanafunzi, maiti na picha

Binadamu si panya, na daraja kati yao lilijengwa kwa uangalifu. Mwaka 2009 Conor Liston, akishirikiana na McEwen na B. J. Casey, alichapisha utafiti wa wanafunzi wa udaktari mjini New York waliokuwa katika mwezi wa maandalizi ya mtihani mkubwa. Wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, walishindwa na wenzao wasio na msongo katika kazi ya kuhamisha umakini, na mawasiliano ya sehemu yao ya mbele na sehemu nyingine yalikuwa yamelegea. Baada ya mwezi mmoja wa kupumzika walipimwa tena. Tofauti ilikuwa imetoweka.

Hao walikuwa vijana wenye afya. Kwa wagonjwa wa sonona yenyewe, ushahidi ulianza kukusanyika mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 Wayne Drevets alionyesha kwa picha kwamba eneo fulani la chini katika sehemu ya mbele lina ujazo mdogo kwa wagonjwa. Mwaka 1999 Grazyna Rajkowska wa Mississippi alichunguza bongo za marehemu waliokuwa na sonona, akakuta seli za neva za sehemu ya mbele zimekuwa ndogo na seli saidizi zinazozizunguka zimepungua. Mwaka 2012 kundi la Ronald Duman wa Yale lilionyesha kwamba katika bongo za marehemu wa aina hiyo sinapsi za sehemu hiyo ni chache, na jeni zinazohusika na ujenzi wa sinapsi zimezimwa kiasi. Mwaka 2017 picha za wagonjwa zaidi ya 2,000 na watu karibu 8,000 wasio na ugonjwa, kutoka nchi nyingi, zilithibitisha kwamba gamba la ubongo hupungua unene katika maeneo kadhaa ya mbele, ingawa kwa kiasi kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Yale walitumia dawa ya mionzi inayojishikiza kwenye sinapsi za mtu aliye hai. Wagonjwa wenye dalili kali zaidi ndio waliokuwa na sinapsi chache zaidi.

Duman alikuwa amependekeza mwaka 1997 maelezo ya zile wiki zisizoelezeka. Ubongo hutengeneza protini inayolisha matawi na sinapsi, inayoitwa BDNF, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 kutoka ubongo wa nguruwe na Yves-Alain Barde na wenzake nchini Ujerumani. Msongo wa muda mrefu huipunguza, na dawa za sonona zikitumiwa kwa wiki kadhaa huiongeza. Mgonjwa anayesubiri, kwa maelezo haya, anasubiri matawi.

Dawa iliyokuwa katika chumba cha upasuaji

Ketamini haihitaji kutambulishwa kwa muuguzi yeyote wa hospitali ya wilaya Tanzania, Kenya au Uganda. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na Calvin Stevens, na kwa miongo mingi imekuwa nusukaputi tegemeo la hospitali zisizo na mashine kubwa, kwa sababu mgonjwa hulala huku akiendelea kupumua mwenyewe. Mwaka 2000 madaktari wa Yale walitoa matokeo ya wagonjwa saba wa sonona waliopewa dozi ndogo sana ya ketamini kwa mshipa, kwa dakika 40. Nafuu ilianza siku hiyohiyo. Watu wengi hawakuamini. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walirudia jaribio hilo kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Baada ya siku moja, asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa na nafuu kubwa, na zaidi ya theluthi moja walidumu nayo kwa wiki nzima.

Mwaka 2010 kundi la Duman lilieleza kinachotokea. Katika sehemu ya mbele ya ubongo wa panya, ketamini huamsha mtambo wa kutengeneza protini za sinapsi, na ndani ya saa 24 vinundu vipya vinachipua. Kilichohitaji wiki kwa dawa za zamani kilianza kwa siku moja. Mwaka 2019 maabara ya Liston ilikwenda hatua moja zaidi. Ikitazama ubongo wa panya hai kupitia lenzi ndogo, iliona ketamini ikirudisha baadhi ya vinundu palepale vilipopotea. Kisha ikavifuta vile vipya kwa mwanga, hivyo tu, na nafuu ya panya ikapotea navyo. Utafiti huo ulifunza jambo jingine la maana: nafuu ya kwanza ilitangulia vinundu kwa saa kadhaa. Vinundu havikuileta nafuu. Viliidumisha.

Machi 2019 Marekani iliidhinisha aina moja ya dawa hiyo kwa sonona sugu, itolewe kliniki chini ya macho ya wahudumu. Tahadhari hiyo ina sababu. Ketamini hupandisha presha, huvuruga fahamu kwa muda, na inaweza kumfanya mtu awe mteja wake. Si dawa ya kununua dukani na kujaribu nyumbani. McEwen na Duman walifariki wakifuatana, Januari na Februari 2020, wakiwa wameuona mlango ambao Cajal aliuacha wazi ukifunguka.

Duara la Masaka

Ubongo hujijenga kwa uzoefu pia, na ushahidi mkubwa wa nguvu ya uzoefu dhidi ya sonona ulitoka kwetu. Mwaka 2002, kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai zilizokuwa zimefyekwa na UKIMWI, Paul Bolton, Helen Verdeli na wenzao waliteua vijiji 30. Katika nusu yake waliunda vikundi vya watu wenye sonona, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, vikiongozwa na mwenyeji aliyefunzwa kwa muda mfupi. Walikaa pamoja dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Walizungumza kuhusu aliyekufa na namna ya kumwomboleza, kuhusu ugomvi na mume au mkwe, kuhusu maisha yaliyogeuka ghafla. Mmoja akikwama, wenzake walimshauri hatua moja ya kujaribu wiki hiyo, na wiki iliyofuata walimuuliza ilikwendaje.

Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na vigezo vya sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walibaki zaidi ya nusu. Hakuna aliyepigwa picha ya ubongo katika utafiti huo, kwa hiyo hatuwezi kudai tuliona tawi likichipua Masaka. Lakini tazama kilichofanyika katika duara lile: kushikilia lengo kwa wiki nzima, kupima hofu, kugeuza wazo lililokwama, kupanga kesho. Ni kazi zilezile za sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, zikifanywa tena na tena, mbele ya watu wanaojali. Na waliozifanya ni wanavijiji wa Afrika Mashariki, wale ambao makala ya 1951 ilidai sehemu hiyo ya ubongo wao imelala.

Tangu Lisbon hadi Mathari, madhara makubwa yalitoka kwa watu waliokuwa na uhakika kwamba ubongo fulani hauwezi kubadilika. Uhakika huo bado uko mitaani kwetu, pale Mirembe, Mathari na Butabika, majina ya hospitali, yanapotumika kama matusi, na mgonjwa akaona bora afe na siri yake. Uko pia ndani ya mgonjwa mwenyewe, na hapa ndipo sayansi hii inapotupa wajibu. Sonona hudhoofisha sehemu ileile ambayo mtu huitumia kuiona kesho. Ndiyo maana mgonjwa husema kwa dhati kwamba hatapona, na maneno yake hayo ni dalili kama ilivyo homa kwa mwenye malaria. Tusibishane naye wala tusimkemee. Tumpeleke kliniki mapema, tukae naye katika zile wiki za kusubiri, tuhakikishe dawa hazikatizwi na mazungumzo hayakomi. Kwamba ubongo hujijenga upya ni jambo lililokwisha kuonekana kwa macho. Yeye hawezi kuliamini kwa sasa, basi tuliamini sisi kwa niaba yake mpaka aweze mwenyewe.